Baada ya Samaki

Wisal alifariki Januari, siku ya Jumanne, akiwa ameshafika herufi ya kumi na mbili.

Mumewe alikuwa Shehata, fundi wa kuchonga miguu ya viti. Karakana yake ilikuwa chini, na wao waliishi ghorofa ya kwanza ya nyumba hiyohiyo, katika mtaa wetu wa maseremala hapa mjini Dumyat. Mimi nilikuwa navisha makochi vitambaa upande wa pili wa barabara. Mengi ya haya niliyaona kwa macho, na mengine alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo, kwani Shehata hakuwa mtu wa maneno.

Herufi hizo Wisal alikuwa akimfundisha binti yao, Nisma, wa miaka minne na nusu. Hakumfundisha kwa daftari. Alikuja kwangu kuomba masalio ya mahameli, akaniambia, "Usinipe ya rangi moja, Fundi Marzuki. Bata wangu hataki kufanana na mamba." Akashona kila herufi na mnyama wake: sungura wa alif, bata wa ba, mamba wa ta, na kuendelea. Alimjaza mnyama pamba, akamtarizi herufi yake tumboni, kisha akamtundika kwa kibanio cha nguo kwenye kamba iliyotoka mlango wa jikoni hadi dirisha la ukumbini. Kamba ilikuwa na vibanio ishirini na nane.

Asubuhi wanyama walizikwa ndani ya sinia ya mchele. Nisma alifumba macho, akapapasa, na akimpata mmoja ilimbidi asome tumbo kwa kidole kabla ya kufumbua macho. Vigae vya ukumbini navyo vilikuwa mto. Mama akitaja herufi, mtoto anavuka kwa mwendo wa mnyama wake: kwa alif anaruka, kwa ba anatikisa makalio, kwa jim anakwenda polepole, shingo juu na mdomo umenuna, kama ngamia aliyebebeshwa chumvi. Shehata alivisikia vishindo vile juu ya dari akiwa kazini. Mara nyingine alichukua fimbo ya ufagio akagonga dari, akaita, "Mamba wenu amefika huku, njooni mmchukue." Huko juu walicheka wote wawili.

Jumapili moja kifua kikambana Wisal. Jumanne tukamzika.

Matanga yalipokwisha, dada wa marehemu alitaka kumchukua mtoto akakae naye mji wa Mansura. Shehata akakataa. Alipandisha meza yake ndogo ya kazi ukumbini ili amwone mtoto huku anachonga, na vumbi la mbao likaingia mpaka kwenye sukari. Juu ya vichwa vyao kamba ilibaki ilivyoachwa, wanyama kumi na wawili, wa mwisho samaki, halafu vibanio kumi na sita vitupu hadi dirishani.

Siku ya arobaini ilipopita, Nisma akauliza, "Baba, baada ya samaki anakuja nani?"

"Samaki ametoka mbali," Shehata akasema. "Mwache apumzike."

Kesho yake akauliza, "Ameshapumzika?"

"Bado. Samaki hulala macho wazi, huwezi kujua."

Ukweli ni kwamba Shehata hakujua nani anakuja. Alitiwa karakana akiwa na miaka sita, siku ambayo wenzake walikuwa wananunuliwa mikoba ya shule. Jina lake aliweza kulitia sahihi, lakini alilijua kama mchoro tu, kama fundi anavyojua ua la kuchonga bila kujua ua hilo linaota wapi. Oda za wateja alikuwa akisomewa na Wisal. Katika mtaa mzima hakuna mwingine aliyejua, hata mimi niliyekunywa naye chai miaka kumi na saba.

Siku ya tatu Nisma hakuuliza. Alivuta kiti, akakaa chini ya kibanio cha kwanza kitupu, akakitazama. Shehata akashuka karakana, akachonga mbuzi. Alikuwa mbuzi mzuri, ana ndevu na pembe zilizojipinda. Akapanda naye, akambana kando ya samaki.

Nisma akamshusha, akampapasa tumbo.

"Hana herufi."

"Ameisahau nyumbani kwao."

"Basi arudi akaichukue," akasema mtoto, akamweka sakafuni karibu na mlango, uso ukielekea nje.

Shehata aliniambia kwamba hakuna kilichomuumiza kama mbuzi yule. Kila akitoka alimkuta pale, anangoja kufunguliwa.

Ghorofa ya tatu aliishi peke yake Abla Fikriya, mwalimu mstaafu; Abla ndivyo tunavyowaita walimu wa kike. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, na nusu ya watu wazima wa mtaa wetu walionja rula yake. Shehata hakuwa miongoni mwao. Alipanda, akagonga.

"Nani?"

"Shehata wa chini."

"Bomba limepasuka?"

"Hapana, Abla. Nimekuja kwa ajili ya herufi."

Mlango ukafunguka upana wa mnyororo. "Herufi gani?"

"Zilizobaki."

Akamweleza habari ya kamba. Abla Fikriya akamsikiliza amesimama, kisha akasema mtoto aletwe kwake kila siku kwa saa moja. Akaletwa. Nisma alikaa kwenye kochi la yule bibi, akabana midomo, na saa nzima hakutoa neno. Alipoulizwa anataka nini akasema, "Nataka kwenye mto wetu."

"Mto gani tena?"

"Vigae," Shehata akasema.

"Basi, fundisha wewe huko mtoni," Abla akasema. Akachukua karatasi, akaandika mistari kumi na sita, kila herufi na mnyama wake, akampa. "Siku moja, mstari mmoja. Usimkimbize."

Shehata akaishika karatasi ile kwa mikono miwili, akashuka nayo. Akaiweka juu ya meza ya kazi, akaitazama siku tatu. Mistari ilikuwa imepangwa vizuri, kama siafu wanaohama. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara tu, na hakunijia. Baadaye nilimuuliza kwa nini.

"Ungecheka," akasema.

"Nisingecheka."

"Siku hiyo usingecheka. Ungecheka siku ya pili."

Sikumbishia, kwa sababu ananijua.

Siku ya nne, Nisma akiwa amelala usingizi wa mchana, akapanda tena ghorofa ya tatu.

"Umeshachonga wangapi?" Abla akamuuliza.

"Hata mmoja."

"Mwandiko wangu umekushinda? Watoto wa miaka sita waliusoma."

"Mwandiko wako mzuri, Abla. Karatasi haina kosa. Mimi ndiye ambaye sikuandikwa kitu."

Yule bibi akaondoa sahani na magazeti yaliyojaa juu ya kiti cha pili, kiti ambacho kwa hali yake kilikuwa hakijakaliwa siku nyingi.

"Kaa," akasema. "Hiyo ya kwanza ni shin. Meno matatu, na nukta tatu juu. Chora."

Akachora. Kalamu ikateleza, jino la tatu likaangukia mezani.

"Mikono hiyo inachonga jani la mzabibu kwenye mguu wa kiti," Abla akasema, "leo inashindwa na meno matatu?"

"Kwa kalamu siwezi."

"Kwani nimekwambia lazima kalamu? Patasi yako iko wapi?"

Akashuka, akarudi na patasi na kibao, akaichonga shin pale mezani kwa Abla Fikriya. Mara ya kwanza tu ilitoka safi kuliko ya kitabuni.

"Na mnyama wake?" Shehata akauliza.

"Shibli."

"Ndiye nani huyo?"

"Mtoto wa simba."

"Sisi tunamwita mtoto wa simba."

"Nyinyi kila kitu mnakiita mtoto wa kitu," Abla akasema. "Huyu ana jina lake."

Jioni hiyo shibli akapanda kambani, kichwa kikubwa, miguu mifupi. Nisma akampapasa tumbo, kidole kikapita kwenye meno matatu na nukta tatu. Shehata akamtolea sauti: shhh. Nisma akasikiliza.

"Kama mtu anayebembeleza mtoto alale," akasema.

"Ehee. Ndiyo herufi yake."

"Mbona imechelewa?"

"Mbali," Shehata akasema. "Simba anakaa mbali."

Tangu hapo ikawa desturi. Nisma akilala mchana, baba anapanda kusoma, na mtoto akiamka anakuta baba ana herufi mpya, mbichi kabisa, ameijua saa moja kabla yake. Kipanga wa sad, chura, tausi mwenye mkia uliochukua wiki nzima. Chura alichezewa ndani ya beseni la maji. Kipanga alifungwa uzi, akawa anashuka kutoka juu ya kabati kuwinda herufi zilizoandikwa kwenye unga wa semolina. Kwa kuwa wanyama wa baba walikuwa wa mti, Nisma aligundua kwamba ukimkandamiza mmoja juu ya donge la unga uliokandwa, tumbo linaacha alama. Lakini alama zikatoka kinyume, sad ikatazama nyuma.

"Kipanga wako kakosea," Nisma akasema.

Shehata akampelekea Abla kesi hiyo. Abla akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha ikabidi Shehata ajifunze kila herufi mara mbili, ya kusoma na ya kuchonga kinyume, na akawa anachonga mihuri ya pembeni kwa kila mnyama.

Nami nilimwona siku hizo akiwa amekonda, shati halijapigwa pasi, lakini midomo yake inacheza akipita chini ya vibao vya maduka. Alikuwa anasoma. Aliposimama muda mrefu mbele ya duka la rangi nilimuuliza anatafuta nini. "Fa," akasema, akaenda zake.

Usidhani nyumba ilikuwa na furaha. Walikula maharage ya ful na jibini, mara nyingi kimyakimya, sahani ya tatu ikiwa bado kwenye rafu kwa sababu hakuna aliyeweza kuitoa wala kuitumia. Siku za mvua Nisma alikwenda kuketi ndani ya kabati la nguo za mama yake na mlango ameuacha wazi kidogo. Shehata hakumkataza. Aliendelea kuchonga huku akisikiliza vitundikio vya nguo vikigongana.

Sasa nitasema la mbwa mwitu.

Herufi ya tisa ni dhal, na mnyama wake ni mbwa mwitu, dhibu. Ndivyo anavyoitwa vitabuni. Sisi wa mtaani hatuna muda wa kutoa ulimi, tunasema dibu, na dhahabu kwetu ni dahabu, na maisha yanakwenda. Lakini Wisal alisoma, na kila alipomtaja mnyama yule mbele ya mtoto alitoa ncha ya ulimi katikati ya meno, akaipuliza kidogo, "dhhh-ibu," na Nisma akamwiga mpaka mate yakamtoka. Ulikuwa mchezo wao. Mwanzoni, baba alipokosea, mtoto alimsahihisha. "Siyo dibu, Baba. Toa ulimi." Shehata alicheka, akasema ulimi wake una kazi nyingine, na akaendelea kusema dibu.

Mei mwishoni walikuwa wakirudia herufi za zamani kwenye sinia ya mchele. Nisma akazamisha mkono, macho kafumba, akapapasa.

"Dibu," akasema.

Shehata akaacha kumenya viazi. "Nani?"

"Dibu. Si huyu hapa?"

"Mama alikuwa akimwitaje?"

"Hivyohivyo," Nisma akasema. "Dibu."

Alishuka karakana, akaketi juu ya rundo la miguu ya viti. Mimi nilivuka barabara kwa sababu nilimwona amekaa bila kushika kitu, na hilo halikuwa jambo lake. Akanieleza.

"Ni mtoto," nikamwambia. "Watoto husahau."

"Hakusahau. Nimemfuta mimi. Mwanamke aliacha kitu kimoja kwenye kinywa cha mwanawe, nikakifuta kwa ulimi wangu mwenyewe, kila siku, nikicheka."

Niliagiza chai. Nilikaa naye mpaka chai ikapoa.

Mchana wa siku ile akapanda kwa Abla Fikriya, akamwambia waache ile herufi ya siku, arudishwe nyuma kwenye ya tisa.

"Ulimi kati ya meno," Abla akasema.

"Kwa umri huu?"

"Meno bado unayo?"

"Ninayo."

"Na ulimi unao, nausikia. Haya."

Wiki mbili alijizoeza akiwa kazini. Kutoka dukani kwangu nilisikia "dhi, dhi, dhi" mpaka mteja mmoja akaniuliza kama jirani yangu ameachia pampu ya hewa. Midomo ilimkauka, ulimi akauuma. Mwisho ikatoka.

Akapanda juu, akamshusha mbwa mwitu kutoka kambani, akaketi sakafuni mbele ya binti yake.

"Dhibu," akasema.

Nisma akaangua kicheko. "Baba, mbona unatoa ulimi? Unafanana na mbwa."

"Ndivyo mama yako alivyokuwa akisema."

Mtoto akaacha kucheka. Akamtazama mdomo, kwa muda mrefu, kama mtu anayechungulia ndani ya chumba.

"Sikumbuki," akasema.

Shehata akamgeuza mbwa mwitu mkononi.

"Sema tena."

"Dhibu."

"Tena."

Akasema tena. Nisma akajaribu, mate yakamtoka, akajifuta kwa mkono. Akajaribu mara nyingine. Kisha akachoka, akaomba maji. Baada ya siku ile mara nyingine alisema dhibu, mara nyingine dibu, na Shehata hakumsahihisha. Lakini yeye mwenyewe hakusema tena dibu, hata mkahawani. Watu wakamtania kwamba amekuwa shehe. Akawaacha wamtanie.

Agosti wakafika mwisho, herufi ya ya, na mnyama wake hua. Vibanio vyote vikajaa, kumi na wawili wa mahameli na kumi na sita wa mti, na kamba ikalegea katikati kwa uzito. Shehata akapika bata, akaunguza kidogo, akamwalika Abla Fikriya. Yule bibi akashuka ngazi amevaa viatu vya kutokea, ingawa ni ghorofa mbili tu. Baada ya chakula Nisma akamwambia hawezi kuondoka bila kuvuka mto, na akamtajia herufi: lam. Lam ni korongo. Abla Fikriya, na goti lake bovu, akashika mgongo wa kiti, akanyanyua mguu mmoja, akavuka kigae hadi kigae mpaka mlangoni, mzito na mwangalifu, bila kutabasamu, kama aliyekuwa kazini.

"Nimefika?" akauliza.

"Umefika," Nisma akasema.

Akaaga. Baba na mtoto wakamsikia akipanda taratibu, funguo zikalia, mlango ukafungwa. Wakabaki wanatazama sahani.

Septemba Nisma akaanza chekechea mwishoni mwa mtaa wetu. Shehata akampeleka asubuhi, nywele kazisuka mwenyewe, upande mmoja juu kuliko mwingine. Mlangoni karani akampa fomu.

"Ukishindwa nikujazie?" akamuuliza. Wengi walishindwa, alikuwa anauliza kila mtu.

"Acha nijaribu."

Akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kifuani. Jina la mtoto aliandika upesi, alikuwa amelifanyia mazoezi. Jina la baba akalitia. Mstari wa tatu ulitaka jina la mama, na hilo hakuwahi kuliandika maishani. Akafikiri. Waw, bata bukini. Sad, kipanga. Alif, sungura. Lam. Akaandika moja baada ya nyingine, polepole, kwa kalamu, na Wisal akawa hapo mbele yake kwenye karatasi.

Pembeni ya jina kulikuwa na maneno mawili madogo ambayo Abla hakuwahi kumfundisha. Akayasoma peke yake, herufi kwa herufi, akisogeza kidole. La kwanza lilikuwa "hai". La pili lilikuwa "marehemu".

"Zungushia moja," karani akasema.

Akazungushia. Akarudisha kalamu. Nisma alikuwa ameshaingia ndani, mkoba umempita magoti, na hakugeuka nyuma.

Nilikuwa dukani aliporudi. Alipanda juu, na baada ya muda nikamwona anaishusha ile meza ndogo ya kazi ngazi kwa ngazi, ameikumbatia. Nikavuka kumsaidia.

"Nimeshafika," akaniambia.

Akaiweka mahali pake pa zamani karakana, akawasha mashine. Alifanya kazi bila kuinua kichwa. Juu ya dari hakukuwa na kishindo.

Saa tano na nusu akazima mashine, akanawa mikono na uso, akavaa shati safi, akaenda kusimama kwenye lango la chekechea. Watoto wanatoka saa saba.